Masomo ya Juu na Kazi Isiyojulikana

Wanafunzi hutuuliza sisi walimu, "Nikisoma jambo hili nitapata kazi gani?" Zamani swali hili halikuwa zito namna hii, nasi twapenda kueleza asili yake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wenye elimu ya juu walikuwa wachache mno. Kwa hiyo Mpango wa Maendeleo wa 1964 hata 1969 ulikusudia ya kuwa ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Serikali ilihesabu waganga, wahandisi na walimu waliohitajiwa, ikawasomesha, kisha ikawapangia kazi. Aliyefika chuoni hakuogopa kesho.

Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake, na hakika ile ikatoweka. Tena tangu 2005 wengi husoma kwa mkopo wa Bodi, wakaondoka chuoni na deni. Basi kijana akikosa kazi hurudi kutafuta shahada ya pili, kama msafiri ajikingaye mvua chini ya mti. Mwingine huacha historia aipendayo akafuata uhasibu, naye akimaliza akuta wahasibu wamejaa.

Hatumlaumu, maana mashaka yake ni ya kweli. Lakini ikiwa serikali nzima, pamoja na hesabu zake zote, haikuona miaka 30 mbele, kijana mmoja ataonaje? Heri asome lile awezalo kulitenda vema, na ajifunze ufundi wa mkono pamoja nalo. Mvua ikizidi, mti hauzuii.