Ua la Shaba, Shahidi wa Wazee Wetu

Katika nchi za Mediterania huota kati ya mawe vichaka vya miiba vyenye majani ya rangi ya fedha. Katanga nayo ina mmea wake wa mahali pagumu: ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Ni dogo, la jamaa moja na mrihani. Huota katika udongo wenye shaba nyingi, ambamo mimea mingi mingine hufa.

Hapa Golf tumezoea kusema kwamba historia ya shaba ilianza mwaka 1911, Union Minière ilipowasha tanuri lake Lubumbashi. Ua hili lashuhudia vingine. Watafiti wamelikuta mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya wakoloni, na kwa kulifuata wakazitambua tanuri za kale. Shaba ilimiminwa ikawa misalaba midogo, iliyotumika kama fedha. Mingine ilizikwa pamoja na wafu kule Sanga, kando ya ziwa Kisale.

Leo migodi inabomoa vilima vya shaba pamoja na maua yake. Basi mkiliona ua hili, msiling'oe. Waulizeni wazee ni nani waliofanya kazi mahali hapo.