Makali ya Kisu na Nguvu ya Ruzizi

Richard Burton na John Speke walifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kwa mitumbwi tarehe 26 Aprili 1858, wakitafuta chanzo cha Nile. Wana watatu wa Maruta, mtawala wa huko, wakawakatisha tamaa: mto Ruzizi hautoki ziwani kuelekea kaskazini, unaingia. Hilo ndilo linalokumbukwa. Lakini Burton aliandika pia kwamba Uvira ilikuwa soko kubwa la kaskazini ya Tanganyika, na katika bidhaa zake, pamoja na pembe, nafaka, nguo za magome na, kwa uchungu, binadamu waliouzwa, alitaja vyombo vya chuma.

Kwa historia ya jikoni, neno hilo lina uzito zaidi kuliko Nile yote.

Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa zimeyeyusha chuma kwa karne nyingi, kwa tanuru la udongo, makaa na mivukuto. Chuma cha aina hiyo kwa kawaida ni laini: makali huisha upesi, na hurudi upesi pia. Jiwe lenye chembe ndogo na maji kidogo vilitosha. Baadaye vikaja visu na mapanga ya chuma cha pua kutoka viwandani, vigumu zaidi, na pamoja navyo tupa.

Jiwe la mashine ya kunolea lina asili nyingine. Mwaka 1891, huko Marekani, Edward Acheson alipitisha umeme katika mchanganyiko wa udongo na makaa, akapata fuwele ngumu ajabu, kaborandamu. Utengenezaji wake ulidai umeme mwingi mno, hata mwaka 1895 kazi ikahamia kwenye maporomoko ya Niagara. Kwa hiyo jiwe hilo lilizaliwa na nguvu ya maji kabla ya kuzungushwa nayo.

Ruzizi nao ni mto wa nguvu. Kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika, safari isiyofika kilomita 120, unateremka karibu mita 700. Wabelgiji walijenga bwawa la kwanza la umeme karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, la Zaire, Rwanda na Burundi kwa pamoja, lilianza kazi mwaka 1989.

Hata hivyo Uvira inaujua umeme unaokatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambazo mabomba yalikauka zilifuatwa na ongezeko la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu, na kukatika kwa umeme kulikuwa sababu mojawapo ya mabomba kukauka. Mji wa namna hiyo hauwezi kuegemeza jiko lake kwenye mashine ya kunolea.

Ndiyo maana njia ya zamani, kunoa kwa mkono, ingali na thamani. Hata pasipo jiwe, ukigeuza sahani ya kauri, utaona chini yake duara lisilong'arishwa, lenye kukwaruza. Kisu hulazwa hapo kikiinuliwa kidogo tu mgongoni, kikavutwa upande mmoja mpaka kidole kisikie ukingo mwembamba umejikunja upande wa pili, kisha kinageuzwa. Baada ya hapo mgongo wa samaki aina ya mukeke unapasuka bila nyama kuvurugika. Mashine hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache, ila ikikandamizwa mno chuma hupata moto, hugeuka buluu na kupoteza ugumu.

Bwawa jingine, Ruzizi III, limepangwa kwa miaka mingi. Uvira, jirani ya mdomo wa mto huo, inastahili kuwa miongoni mwa miji ya kwanza kupata umeme wake.