Ratatouille (upishi wa nyumbani, Mesaimeer)

Ratatouille (hutamkwa ratatui) ni mchuzi mzito wa mboga kutoka Nice, kusini mwa Ufaransa. Hupikwa kwa bilinganya, zukini, pilipili hoho, nyanya, vitunguu maji, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kwao ni chakula cha kiangazi. Huko Mesaimeer, mtaa wa kusini mwa Doha, Qatar, ni mchuzi wa majira ya baridi.

Asili

Jina limetoka katika Kioksitani, ratatolha, na lina undugu na kitenzi cha Kifaransa touiller, kukoroga. Katika karne ya 19 liliitwa hivyo rojo lolote la mchanganyiko, na askari wakalifupisha kuwa rata. Nyanya, hoho na jamii ya zukini zilivuka bahari kutoka Amerika. Bilinganya ilitoka Asia ikienezwa na Waarabu. Aubergine ya Wafaransa na biringani ya watu wa Pwani ni neno moja kwa mzizi, lile la Kiarabu bādhinjān.

Mapishi

Kwa watu wanne hutosha bilinganya 2, zukini 2, hoho 2, nyanya 6 na vitunguu 2. Siri yake kubwa, ambayo wenye haraka huipuuza, ni kukaanga kila mboga peke yake. Ukizitia zote sufuriani kwa pamoja zitatoa maji, zitachemka badala ya kukaangika, na ladha zake zitapotea.

Bilinganya hukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, hunyunyizwa chumvi, huachwa nusu saa kisha hukaushwa kwa kitambaa. Ikiingia kwenye mafuta hunywa yote mara moja, na mpishi mgeni hushawishika kuongeza. Asiongeze. Baada ya dakika chache nyama yake hulegea, na mafuta yaliyonywewa huanza kurudi yakimetameta pembeni mwa kikaango. Hapo ndipo imeiva. Huepuliwa, ikafuata zukini, kisha hoho. Mwisho hukaangwa vitunguu hadi vilainike, hutiwa saumu, nyanya zilizomenywa na majani ya zaatari, na rojo huachwa litokote kwa moto mdogo hadi liwe zito. Ndipo mboga zote hurudishwa kwa dakika kumi hivi. Kiporo chake, hata kikiwa baridi, ni kitamu kuliko kilichotoka jikoni.

Mboga na majira

Joto la Doha mwezi Julai hupita nyuzi 40, na mashamba ya wazi hayazai. Mboga za Qatar hujaa masokoni kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua. Zamani sehemu kubwa ya mboga iliingia kwa malori kupitia Abu Samra, mpaka wa pekee wa nchi kavu. Ulipofungwa Juni 2017, shehena zilianza kuletwa kwa ndege na meli kutoka Uturuki na Iran, na mashamba ya vibanda vya kivuli yakaongezeka nchini kwa kasi ya kupendeza. Mpaka ulifunguliwa tena Januari 2021.

Umaarufu

Filamu ya katuni ya Pixar, Ratatouille (2007), iliutangaza mchuzi huu duniani. Mlo unaoonekana humo, wa vipande vyembamba vilivyopangwa kwa duara, ni confit byaldi, aina iliyobuniwa na mpishi Michel Guérard mwaka 1976.