Ardhi ya Shaba na Vifuniko vya Mashamba

Kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaasisiwa mwaka 1906, wala mji wa Kolwezi haujajengwa mwaka 1937, wafua shaba wa nchi ya Lualaba, huko Kongo, waliojenga tanuri zao kwa udongo wa vichuguu, walikwisha kutambua kuwa vilima vyenye madini haviwi na miti mikubwa, bali nyasi na maua yastahimiliyo sumu. Na penye miombo, majani yaangukayo hurejea kuwa udongo kwa kazi ya mchwa na kuvu.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iozeshayo karatasi za plastiki ya aina iozayo, zinazotandazwa juu ya matuta ili kuhifadhi unyevu: maji na vimeng'enya vya bakteria na kuvu hukata minyororo ya plastiki hiyo, hata sehemu kubwa ikawa maji na hewa ya ukaa. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2018 chataka angalau asilimia 90 ya kaboni ya plastiki hiyo igeuke hewa hiyo ndani ya miezi 24.

Lakini shaba ikizidi udongoni, vijidudu hudhoofika na uozo hukawia. Kwa hiyo ni wajibu kuupima kwanza udongo wa Kolwezi kabla ya kuzitandaza karatasi hizo, kwani ardhi iliyoutajirisha ulimwengu yastahiki insafu.