Muhammad Ali na Deni la Joe Frazier

Wakutanapo watu waliopita katika shule yetu, hasa wale waliopata kuwa wasemaji katika chama cha midahalo, haukosi kuzuka ubishi juu ya ndondi, na ubishi wa ndondi aghalabu huishia kwa Muhammad Ali. Ubingwa wake sina haja ya kuujadili. Alipigana mara 61, akashinda mara 56, na alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mara tatu, yaani mwaka 1964, 1974 na 1978. Ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji ni jambo jingine ambalo katika mabishano yetu hupitiwa harakaharaka: je, bingwa huyu aliwatendea uungwana wale aliopambana nao?

Swali hili si dogo, kwa sababu bondia hawi mkubwa peke yake. Ukuu wa Ali ulijengwa na Sonny Liston, George Foreman, Ken Norton aliyemvunja taya mwezi Machi 1973, na zaidi ya wote Joe Frazier. Waondoe hao, nawe utabakiwa na kijana hodari wa Louisville mwenye miguu myepesi na maneno mengi.

Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuingizwa jeshini kwenda vitani Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa na leseni, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Kifungo hakukitumikia kwa kuwa alikata rufani, na tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo. Lakini kwa zaidi ya miaka mitatu ya ujana wake hakukanyaga ulingo. Ujasiri huo ndio uliowafanya wazee wetu wa Afrika wampende, na hakuna mtu mwenye haki awezaye kumpunguzia sifa hiyo.

Ni wakati huohuo Joe Frazier anapoingia. Yalipoandaliwa mashindano ya mabondia wanane ili apatikane mrithi wa kiti kilichoachwa wazi, Frazier alikataa kushiriki. (Huenda meneja wake naye alikuwa na hesabu zake, ndondi ni biashara.) Kwa maelezo ya Frazier mwenyewe, alimpa Ali fedha wakati wa dhiki, na alizungumza na Rais Nixon ili mwenzake arudishiwe leseni. Ali alirudi ulingoni mwezi Oktoba 1970, na tarehe 8 Machi 1971 wakakutana New York katika ukumbi wa Madison Square Garden, wote wawili hawajapata kushindwa, kila mmoja akilipwa dola milioni mbili na nusu.

Sasa tazameni malipo aliyoyapata mfadhili. Kabla ya pambano hilo Ali alitangaza mbele ya dunia nzima kwamba Frazier ni kibaraka wa Wazungu, kwamba ni mbaya wa sura na mjinga, na kwamba mtu mweusi yeyote anayemshangilia ni msaliti. Maneno hayo alikuwa akiambiwa mwana wa mkulima maskini wa South Carolina, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 12, aliyefanya kazi katika machinjio ya Philadelphia kabla ya kupata medali ya dhahabu mjini Tokyo mwaka 1964. Kama ni kuijua shida ya mtu mweusi wa Marekani, Frazier hakuhitaji kufundishwa na mtu, wala na Ali, ambaye nyumbani kwao maisha yalikuwa na nafuu kuliko hayo.

Frazier alijibu kwa ngumi. Katika raundi ya 15 alimpiga Ali konde la kushoto lililomlaza chali, akashinda kwa pointi. Maneno, hata hivyo, hayakuanguka. Yaliendelea hata baada ya Ali kushinda pambano la pili mwezi Januari 1974, na yakafika kilele mwaka 1975 kabla ya pambano la Manila, pale Ali alipokuwa akimwita mwenzake sokwe na kutembea na mwanasesere wa sokwe mfukoni akimpiga mbele ya waandishi wa habari. Mtu mweusi kumwita mtu mweusi mwenzake sokwe ili Wazungu wacheke! Hapo mimi hushindwa kabisa kumtetea.

Watetezi wake husema kwamba yote yalikuwa mbwembwe za kuuza tiketi. Ni kweli kwamba tiketi ziliuzwa, tena Frazier naye alipata fungu lake. Lakini Foreman naye alitupiwa maneno mwaka 1974 kule Kinshasa, akapigwa nokauti katika raundi ya 8 (sisi tuliozaliwa baadaye tumesimuliwa pambano hilo na baba zetu kana kwamba walikuwa uwanjani), na baada ya miaka wakawa marafiki wakubwa. Mzaha unaoacha nafasi ya urafiki ni mbwembwe. Ule wa Manila haukuacha nafasi hiyo. Baada ya raundi 14 za mateso, macho ya Frazier yakiwa yamevimba, mwalimu wake Eddie Futch alimzuia asiendelee. Ali, ambaye alisema baadaye kwamba siku ile alikaribia kifo, alimwita Marvis, mwana wa Frazier, akamwomba amwambie baba yake kwamba hakuyakusudia aliyoyasema. Frazier alitaka kuambiwa mwenyewe.

Hapa napenda kuwakumbusha wasomaji jambo lililotokea hapahapa kwetu. Mwezi Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali katika Afrika ili azishawishi serikali zetu zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Waandishi wa habari wakamwuliza: mbona mwaka 1976 Afrika ilipoisusia Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini, Marekani haikutuunga mkono? Ali alikiri hadharani kwamba jambo hilo hakulijua, na kwamba huenda alikuwa akitumiwa vibaya. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Bingwa alishindwa kwa hoja, naye akakubali mara moja, bila kinyongo na bila kumtukana mtu. Kwa hiyo msiniambie kwamba kukiri kosa hakukuwa katika tabia yake. Alikuweza. Kwa Frazier alichelewa tu.

Wako waliomwonyesha namna nyingine. Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, alipigana naye Las Vegas tarehe 2 Oktoba 1980. Alipoona kwamba bingwa wake wa zamani hana tena mikono wala miguu, alimtaka mwamuzi asimamishe pambano. Likasimamishwa baada ya raundi ya 10, na mshindi alilia.

Mwaka 1984 madaktari waligundua kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson, na sauti ile iliyowatesa wengi ikaanza kufifia. Frazier hakumwonea huruma. Kwa miaka mingi alitoa maneno makali ambayo nayo hayakumpa heshima. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times, akasema kwamba aliyasema yale kwa joto la wakati ule ili kulitangaza pambano. Ilikuwa imepita miaka 30 tangu lile pambano la New York, na radhi bado ilipita mikononi mwa mtu wa tatu.

Joe Frazier alifariki kwa saratani ya ini tarehe 7 Novemba 2011. Ali, akiwa na umri wa miaka 69 na dhaifu sana, alisafiri hadi Philadelphia kwenye mazishi. Mchungaji Jesse Jackson alipowataka waombolezaji wasimame wampigie makofi marehemu, Ali alisimama pamoja nao, akapiga makofi kwa nguvu.