Sahihi ya Mlezi

Kwetu Iwawa, shamba la mipaini ni akiba. Binamu yangu alirithi miti ya baba yake akiwa na miaka kumi, na baba mdogo akaishika mpaka mtoto akue. Miti ilikatwa, ada ikalipwa, na hadi leo hawajaelewana kama bei ilikuwa ya haki. Labda ndiyo sababu, nilipoanza kusoma historia ya Kabaka Mutesa wa Pili kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, macho yangu yaliwaendea walezi kuliko mfalme.

Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alifariki tarehe 22 Novemba 1939, Vita Kuu ya Pili ikiwa haijatimiza miezi mitatu. Mwanawe Mutesa alikuwa ametimiza miaka 15 siku tatu tu kabla. Utawala ukashikwa na mawaziri watatu, wakiongozwa na Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, hadi kijana alipovikwa taji mwaka 1942, akiwa na miaka 18.

Mwaka 1941 mama yake Kabaka, aliyekuwa mjane, alitaka kuolewa tena, jambo ambalo mila ilikataa. Nsibirwa alimuunga mkono, na hasira za watu zikamng'oa madarakani. Januari 1945, wakati askari wa Afrika Mashariki wakipigana Burma, migomo na ghasia zililipuka Uganda: bei zilikuwa zimepanda, mishahara ilikuwa haitoshi, na watu waliogopa kupokonywa ardhi. Nsibirwa akarudishwa. Mapema Septemba aliidhinisha sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, ikiwemo kupanua Makerere. Tarehe 5 alipigwa risasi mbele ya kanisa kuu la Namirembe. Japani ilikuwa imesaini kusalimu amri siku tatu kabla.

Ng'ambo ya Burma, Thailand nayo ilikuwa na mfalme kijana. Ananda Mahidol, mdogo kwa Mutesa kwa miezi kumi, alirithi kiti mwaka 1935 akiwa na miaka tisa, akakulia Uswisi. Jeshi la Japani lilipokuwa nchini mwake, mmoja wa walezi wa kiti chake, Pridi Banomyong, aliongoza upinzani kwa siri. Juni 1946 mfalme alikutwa ikuluni amekufa kwa risasi. Mahasimu wa Pridi walimtupia lawama, naye akafia uhamishoni Paris mwaka 1983.

Hao wawili walifanya maamuzi ambayo kiti kilihitaji, na hasira ambayo watu hawakuthubutu kuielekeza kwenye kiti ikawashukia wao. Sisemi kwamba waliamua vyema. Nsibirwa alijua watu wake wanavyoionea ardhi uchungu, na bado akatia sahihi.

Likizo iliyopita nilimuuliza baba mdogo kuhusu miti ile. Aliingia chumbani, akatoka na daftari lililochakaa: idadi ya mbao, bei, tarehe, ada. Binamu yangu hajawahi kuliomba, na yeye hajawahi kulitoa.