Dali Ilivyokuwa Kali Kabla ya Pilipili

Bibi wa Kigujarati anayeishi ghorofa ya chini yetu, hapa Kisutu, hupika dali ya mbaazi karibu kila siku, na jikoni kwake hakuna mizani wala kikombe cha kupimia. Mtaa mzima tunamwita Ba, yaani bibi kwa lugha yake. Jumamosi moja nilimwomba nisimame pembeni nitazame.

“Shikamoo Ba.”

“Marahaba mwanangu. Tazama, ila usiniulize vijiko vingapi.”

Alianza na kuosha. Mbaazi za dali huuzwa zikiwa zimekobolewa na kupasuliwa vipande viwili, na zile azipendazo yeye zimepakwa mafuta ya nyonyo ili zisiliwe na wadudu. Akazimwagia maji ya moto, akazisugua kwa viganja, akamwaga, akarudia hadi povu likakoma. Zikaingia kwenye sufuria ya presha. Hapo kipimo ni filimbi: zilipolia tatu akazima jiko. Alipofunua, akazipekecha mpaka punje zikapotea, ukabaki uji mzito wa njano. Akatia manjano, chumvi, kipande cha sukari guru, karanga chache na maji ya ndimu, akauacha utokote.

Kazi yenyewe ilikuja mwisho. Katika kikarai kisichozidi kiganja aliyeyusha samli, akatupia haradali. Punje zilipoanza kurukaruka akafuatisha jira, punje chache za uwatu, pilipili kavu mbili na majani ya mchuzi, ambayo Wagujarati huyaita limdo. Mwisho kabisa akadondosha chembe ya mvuje, ndogo kama punje ya mchele. Mvuje ni ule utomvu mgumu wenye harufu ya kukirihi ambao wengi wetu tunaujua kwa wauza dawa za asili. Ndani ya samli ya moto harufu ile ikageuka, ikawa kama ya kitunguu kilichokaangwa taratibu. Akamimina vyote kwenye dali kwa mara moja na kufunika papo hapo, moshi usitoroke. Wagujarati huita hatua hiyo vaghar, watu wa kaskazini mwa India huiita tadka. Sisi tunalo neno letu zuri: kuunga.

“Na ukiiacha pilipili, Ba?”

“Hiyo ni dali ya mgonjwa.”

Jibu hilo lilinirudisha kwenye vitabu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya umri wake dali haikuijua pilipili hii tunayoijua leo.

Tuanze na punje. Mbaazi ni mzaliwa wa India. Mmea wa mwituni unaoaminika kuwa mama yake bado unaota katika majimbo ya Odisha na Chhattisgarh na maeneo ya jirani, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mabaki ya mbaazi katika vijiji vya Odisha na nyanda za Deccan yenye umri wa miaka zaidi ya 3,000. Kihindi huiita arhar au tur. Neno dali lenyewe limetoka katika Kisanskriti, kwenye kitenzi cha kupasua. Kwa hiyo dali, kwa maana yake ya asili, ni punje yoyote jamii ya kunde iliyopasuliwa, iwe mbaazi, choroko, dengu au adesi.

Katika karne ya 12 mfalme Someshvara wa Tatu, wa ukoo wa Chalukya huko Deccan, aliacha kitabu kikubwa kwa Kisanskriti kiitwacho Manasollasa. Kinazungumzia utawala, tembo, vito, muziki, na pia jiko. Humo mna pishi la punje za jamii ya kunde zilizochanganywa, zikapikwa kwa mvuje, manjano, tangawizi na chumvi ya mawe. Ukiondoa pilipili kavu mbili za Ba, mfalme yule angeitambua harufu ya jikoni Kisutu.

Miaka zaidi ya 400 baadaye, kama mwaka 1590, Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, alikusanya habari za dola ya Wamughal katika Ain-i-Akbari. Alikuwa mtu wa hesabu, hata chakula akakiandika kwa mizani. Chakula kiitwacho pahit anakitolea vipimo kwa ser, kipimo cha uzito cha enzi zile: punje za jamii ya kunde ser 10, samli ser moja na nusu, chumvi na tangawizi mbichi nusu ser, kisha jira kidogo na mvuje kidogo, na sahani zitakazopatikana ni 15. Pilipili manga haimo humo, ingawa imejaa katika mapishi mengine ya jiko lile. Pilipili nyekundu haimo popote.

Haikuwa imefika mezani kwa mfalme, lakini ilikwishatia nanga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alichukua rubani Malindi, akavuka hadi Calicut kuitafuta pilipili manga. Mwaka 1510 Wareno waliiteka Goa. Ni wao waliotoa Amerika kile kitu chekundu ambacho Ulaya ilikuwa haijakisikia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, wakakishusha pwani ya magharibi ya India. Sokoni Bombay watu wakakiita pilipili ya Goa.

Nadhani sababu ya pilipili kushinda haikuwa ladha peke yake. Pilipili manga inataka mvua nyingi na mti wa kuparamia, kama kule Malabar. Kwa mkulima wa nyanda kavu za Gujarat ilikuwa bidhaa ya kununua, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Pilipili nyekundu huota nyuma ya nyumba, huanikwa juu ya paa na hukaa mwaka mzima kwenye mtungi. Maskini alipata ukali wake bila kulipa mtu. Jambo hilo hunigusa kila ninapoona mkeka wa pilipili juani.

Lugha ilifuata jikoni. Mirch ya Kihindi ni jina la kale la pilipili manga, likahamia kwa mgeni, na mwenye jina akalazimika kuitwa kali mirch, yaani ile nyeusi. Sisi tulifanya vivyo hivyo. Pilipili linatokana na pippali, jina la Kisanskriti la pilipili ndefu ya India, lililosafiri kupitia Kiajemi na Kiarabu. Mgeni wa Amerika alipofika pwani yetu tukamvika jina hilo, na ile ya zamani tukaiongezea neno manga ili wasichanganyikane. Pwani mbili za bahari moja, bila kushauriana, zilimpa mgeni jina la mwenyeji.

Bahari hiyo ilibeba pia punje zenyewe. Takriban miaka 4,000 iliyopita mtama, uwele na kunde vilitoka Afrika vikafika India, na uwele ukazoea Gujarat kiasi kwamba mkate wake mnene, rotlo, ni chakula cha kila siku cha vijijini. Mbaazi ikaja huku, ikakuta nazi. Anayekula mbaazi za nazi kwa mahamri Mombasa anakula punje ileile ya Ba, ila haijapasuliwa.

Sasa inarudi kwao kwa magunia. India hulima mbaazi kuliko nchi yoyote na bado haizitoshelezi sufuria zake. Mapinduzi ya kilimo ya miaka ya 1960 yalitia nguvu kwenye ngano na mpunga, mazao ya jamii ya kunde yakasukumwa kwenye ardhi isiyo na maji. Mwaka 1951 kila Mhindi aliweza kupata takriban gramu 60 za punje za jamii ya kunde kwa siku. Kufikia mwanzo wa karne hii kiasi kilikuwa chini ya gramu 40. Pengo hilo linazibwa na Myanmar, Msumbiji, Malawi na wakulima wetu wa Babati, Lindi na Mtwara. Ndiyo maana Agosti 2017, baada ya mavuno makubwa nyumbani, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje, bei iliporomoka huku na magunia yakalala ghalani. Watu waliokuwa hawajawahi kuonja dali walijua mwaka ule jinsi ilivyo karibu na maisha yao. India ililegeza masharti hayo mwaka 2021.

Wiki iliyofuata nilipika pahit ya Abul Fazl nyumbani kwangu, kwa mbaazi nusu kilo. Hesabu yake inadai gramu 75 za samli, na tangawizi gramu 25, ambayo niliiponda kwenye kinu. Nikazichemsha bila presha kwa zaidi ya saa moja, nikiengua povu, kisha nikaunga kwa jira na mvuje tu. Ukali wake haukunishika ulimini. Ulianzia kooni, ukashuka kifuani polepole kama chai ya tangawizi usiku wa baridi, na mvuje ukabaki puani muda mrefu.

Nilimpelekea Ba bakuli. Alionja akiwa amesimama mlangoni, akatulia, akaonja tena.

“Hii mama yangu alikuwa akimpikia mwanamke aliyejifungua,” alisema. Akaingia nayo ndani, akarudi na bakuli langu likiwa limeoshwa na kujazwa karanga, kwani kwake chombo cha jirani hakirudi kitupu.